Kushuka Ngazi ya Kinu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mliozaliwa huku na mliobaki kwetu, tulieni kwanza na simu mziweke pembeni. Mimi sikusoma. Nilitolewa darasa la nne nikalee wadogo zangu, na Kiingereza changu ni cha dukani na cha kwenye basi. Lakini haya nimeamua kuyaandika kwa mkono wangu, maana nimewasikia mkiyasimulia kwenye harusi za watu: eti bibi alibebwa mgongoni na mkwe wake kama mtoto mchanga, na meza nzima ikaangua kicheko. Kubebwa nilibebwa. Ila hamsemi kwa nini, na wengi wenu hamkuwepo.

Tulikuwa tunakaa Lewisham, London, ndani ya kinu. Kinu kweli, cha kusagia ngano kwa nguvu ya maji, kilichojengwa na Waingereza wa zamani, na wajukuu wao wakakigeuza kuwa nyumba za kupanga. Binti yangu na mumewe walichukua nyumba ya juu kabisa. Nilipofanyiwa opereshi ya goti wakanihamishia kwao, niangaliwe.

"Mama, hili ni jengo la historia," binti yangu aliniambia siku ya kwanza. "Watu wanatoka mbali kuja kuliona."

"Wanakuja kuliona," nikamjibu, "halafu wanakwenda kulala kwao."

Nililijua jengo lile ndani na nje, kwa sababu sikuwa na kingine cha kujua. Mjukuu wangu alinisomea vibao vya ukutani, na mengine niliyaelewa mwenyewe. Mashine ya kusaga mimi si mgeni nayo. Kwetu Muheza nilikuwa napanga foleni mashineni tangu ndoo ya mahindi ikinishinda kubeba.

Chini ni matofali, juu ni mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Mto unapita ubavuni, umebanwa na kuta za zege pande zote mbili, ukiutazama utadhani ni mtaro, mpaka mvua inyeshe. Huo ndio uliokuwa ukizungusha gurudumu kubwa. Gurudumu bado lipo. Limo chini ya sakafu ya kioo pale unapoingilia, na wageni wanasimama juu yake wakipiga picha viatu vyao. Wamelifunga kwa mnyororo lisije likazunguka. Kutoka kwenye gurudumu ekseli nene inapenya ukuta na kukutana na gurudumu la meno, meno yenyewe ya mbao, kila jino limechongwa na kupachikwa peke yake, ili likivunjika libadilishwe lenyewe. Hilo ndilo lililozungusha nguzo ya katikati, gogo zima la mti lililosimama kutoka chini likatoboa kila sakafu mpaka ghalani. Nguzo nayo ina magurudumu yake ya meno huko juu, mengine ya kuzungushia mawe, mengine ya kuvutia mizigo. Mawe yako gorofa ya chini yetu, mapana kama meza za watu wanane, yamechimbwa mifereji ya kukatia ngano, na sasa yamezungushiwa kioo na kuwashiwa taa.

Na ngano ilikaa wapi? Juu kabisa, kwenye ghala, chini ya paa. Ilipandishwa kwa kapi na mnyororo, gunia baada ya gunia, kupitia matundu ya sakafuni. Kila tundu lilikuwa na vifuniko viwili vya mbao. Gunia likija kutoka chini linavisukuma, vinafunguka. Likishapita vinajifunga vyenyewe, paa! Ukivikanyaga kwa juu havifunguki ng'o. Fundi wake alikuwa na akili, hakutaka kitu kikishapanda kirudi kilikotoka. Ngano ilikuwa na njia moja tu ya kushukia, nayo inapita kwenye mawe.

Basi ghala hilo ndilo lililokuwa nyumba yetu. Kifuniko kimoja kilikuwa chumbani kwangu, pembeni ya kitanda, kimepigiliwa misumari na kupakwa vanishi. Kila asubuhi nilikuwa nakitazama nikisema moyoni: humu vitu vilipanda vizima, vikashuka unga.

Kulikuwa na lifti na kulikuwa na ngazi. Ngazi za chini zilikuwa mpya, za kawaida. Lakini ile ya kutoka ghalani kwetu mpaka gorofa ya mawe ilikuwa ya zamani, ya mbao, imesimama karibu wima kama ya kupandia darini, na badala ya chuma cha kushikia ina kamba. Hairuhusiwi kuguswa, ni ya historia. Hata msumari wa kutundikia kalenda kwenye boriti tulikatazwa. Kanga dirishani marufuku. Madirisha yenyewe yanafunguka kiganja kimoja tu. Pale walipokuwa wakipokelea magunia ya mikokoteni palikuwa na mlango mkubwa unaofungukia hewani. Wameuziba kwa kioo kisichofunguka, na hapo ndipo nilipowekewa kiti. Nikaona treni zinapita, mabasi, watu wa sokoni na mifuko yao. Sauti yao hata moja hainifikii. Nilivumilia, maana lifti ilikuwepo.

Sasa hapo ongezeni ukwe.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hawakai mkeka mmoja, hawali sinia moja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Kugusana ndiyo usiseme. Wenzetu wa mjini wameyalegeza haya, sisi hatujalegeza. Na mkwe wangu ni kijana wa kwetu, anayajua, ana adabu kuliko wengi wenu. Lakini adabu hiyo ilitengenezwa kwa nyumba yenye ua, yenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Huku jiko na sebule ni chumba kimoja, choo ni kimoja. Yeye alikuwa anafanya kazi usiku kwenye bohari kule Hayes, anarudi asubuhi, analala mchana palepale sebuleni kwenye kochi, maana chumbani kwao dirisha lilikuwa la darini na halikuwa na pazia. Akilala sebuleni mimi natokaje? Nakaa chumbani na kifuniko changu. Akitaka kupita kwenye korido anakohoa. Nikitaka kupita mimi nakohoa. Jirani akaja kumwuliza binti yangu kama nyumbani kuna kifua kikuu.

Kisha lifti ikafa.

Meneja wa jengo alibandika karatasi ya kuomba radhi. Kifaa kimoja kimevunjika, akasema, na kipya hakiingii mpaka boriti moja ipunguzwe, na boriti haipunguzwi mpaka wakubwa wa majengo ya kale wakubali. Wakaja wakubwa, wakapima, wakaondoka. Wakaja wengine. Kilikuwepo kiti cha kushushia wagonjwa, lakini kwenye ile ngazi ya juu hakipiti. Binti yangu mwili wake mnaujua, akibeba ndoo anayumba. Mwenye nguvu nyumbani alikuwa mmoja tu, anayeinua mafriji kazini kwake kama mito ya kulalia, na huyo ndiye asiyenigusa.

"Mwambie bibi yako nitambeba," alimwambia binti yake siku ya kliniki, kasimama nyuma ya mlango wangu.

"Mwambie baba yako kliniki itangoja," nikasema.

Ikangoja. Soko likangoja. Darsa ya wanawake ya Ijumaa ikangoja mpaka wakaacha kuniulizia. Nikawa nakaa kwenye kile kioo kutwa, nikimhesabu kila mwenye miguu mizima kuwa ni mwenye bahati asiyejijua.

Asiyeweza kungoja alikuwa shoga yangu wa Hayes.

Huyo tulitoka naye Tanga. Tukafagia naye uwanja wa ndege wa huku miaka na miaka, tukawazika waume zetu. Wanawake wa kwetu wakifariki huku, sisi wawili ndio tulioitwa msikitini kuosha. Siku moja tumetoka kumwosha mtu, tumekaa kituo cha basi, mikono bado inanukia kafuri, akaniambia, "Shoga, nikitangulia mimi unioshe wewe. Mkono wako tu. Wengine wamimine maji na wageuke."

Nikamwuliza, "Una nini?"

Akatazama huku na huku, akafunua buibui kidogo, akanionyesha alichokuwa akikificha mwilini tangu usichana wake. Watoto wake hawakukijua. Msiniulize ni nini. Mwoshaji hasemi alichokiona kwenye mwili wa maiti, na sitaanza leo ili niwafurahishe nyinyi. Nilimpa mkono nikamwambia, "Nitakuosha."

Akacheka. "Na wewe ukitangulia?"

"Mimi sina cha kuficha, ni unene tu, na huo kila mtu anauona."

Alipougua mimi nilikuwa ghalani, lifti imekufa. Tukawa tunazungumza kwa simu kila siku. Mwishoni sauti yake ikawa nyembamba.

"Uko wapi we mwanamke?"

"Niko kinuni."

"Bado hawajakusaga?"

"Wanangoja nikauke."

"Shuka basi," akasema, na hapo hakuwa anatania tena.

Alifariki. Hati zikapatikana haraka kuliko tulivyozoea, na jioni binti yake akanipigia. Wanaosha kesho asubuhi, wanamsalia baada ya Adhuhuri, wanazika.

"Mama mkubwa, utakuja?"

"Nakuja."

"Na lifti?"

"Nimesema nakuja."

Nilijua nisipofika wale wanawake wa msikitini watamwosha. Ni wanawake wazuri, sina neno nao. Lakini wataona, na mmoja katika wale atakuja kumwuliza mtoto wake, kwa huruma tu, mama yako alipatwa na nini. Na shoga yangu aliishi umri wake wote ili swali hilo lisiulizwe.

Asubuhi binti yangu alikuwa kazini hospitali. Tulikuwa nyumbani mimi na mjukuu wangu, msichana wa sekondari, ambaye Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Mkwe wangu alirudi kutoka bohari na koti lake la kung'aa, hakulivua. Nikasikia kikohozi mlangoni.

"Mwambie bibi yako gari liko chini. Twende."

"Mwambie baba yako akaningoje garini. Nakuja mwenyewe."

Akakohoa tena. Kisha, "Mwulize anakuja kwa njia gani."

"Kwa njia wanayotumia watu."

Nikavaa gauni langu jeusi na suruali ndani, nikajifunga kanga juu yake, nyingine nikaitia mkobani. Nikaenda mpaka kichwani pa ile ngazi nikakaa chini. Nilikuwa nimeshafikiri usiku kucha: nitashuka kwa kukaa, daraja moja, lingine, kama watoto wanaojifunza. Mjukuu alikuwa nyuma yangu kanishika makwapa. Baba yake hakwenda garini. Alisimama chini ya ngazi, gorofa ya mawe, katupa mgongo, uso ameuelekeza ukutani asinione katika hali ile.

"Mwambie bibi yako nipo hapa. Akianguka atanikuta."

"Mwambie baba yako sianguki."

Daraja la kwanza nikashuka. La pili nikashuka. Ngazi ile inashuka imebanana na gurudumu moja la meno, lile la kuzungushia kapi. Limelala ubavuni pa ngazi, upana wake kama mwamvuli uliofunguliwa, na nafasi ya kupita mtu ni ndogo. Goti langu la opereshi halikunji. Mguu unakwenda mbele umenyooka kama mwiko. Nilipojivuta daraja la tatu mguu ukateleza pembeni, ukaingia kati ya meno mawili ya lile gurudumu, na kiatu kikakwama.

Nikavuta, haukutoka. Nikataka kurudi juu, mikono haikuwa na nguvu ya kuninyanyua. Mjukuu akavuta makwapa, maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno, nikapiga ukelele.

"Kuna nini?" baba yake akauliza, bado katazama ukuta.

"Bibi amekwama, Baba. Mguu wake uko kwenye mashine."

"Mashine haizunguki," nikasema. "Msinifanye kama nasagwa."

Lakini niwaambieni kweli, nilihisi nasagwa. Boriti iko juu ya kichwa changu, gurudumu limenibana ubavu, mbele shimo la ngazi, nyuma hakuna pa kurudi. Nilikuwa nimekaa kwenye koo la kile kinu, sipandi, sishuki. Jasho likanitoka. Nikasoma dua nilizoweza.

"Bibi, plizi," mjukuu akaanza kulia. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba baba yake yupo pale pale, ni hatua mbili tu, mbona tunajitesa. Kisha akajikaza kwa Kiswahili: "Baba alimwuliza ustadhi. Ustadhi amesema mama mkwe ni kama mama. Dini haikatazi."

"Mwambie baba yako dini naijua kabla yeye hajazaliwa. Dini haikatazi. Anayekataza ni marehemu mama yangu."

Kule chini nikamsikia mkwe wangu anavuta pumzi. "Mwambie bibi yako mama yangu naye anakataza. Nimempigia simu jana."

Na simu yangu ikalia. Ilikuwa mkobani, mjukuu akaitoa akaniwekea sikioni. Ni mtoto wa marehemu.

"Mama mkubwa, wamama wa msikitini wameshavaa glavu. Wanasema maji yanapoa. Niwaambiaje, waanze?"

Nikatazama ule mguu wangu kwenye meno ya mbao.

"Waambie wasubiri. Niko njiani."

"Umefika wapi?"

"Nimeshatoka ndani."

Uongo haukuwa. Nikamrudishia mjukuu simu. Nikasoma Alhamdu. Niliona mambo mawili, na moja lazima livunjike: ama mila niliyoishika tangu siku ya kumwoza binti yangu, ama mkono niliompa mtu kituoni. Mila ina watu wengi wa kuishika. Ule mkono ulikuwa na mimi tu.

Nikaita kwa sauti yangu mwenyewe. "Baba."

 Hakujua anaitwa yeye. Sikuwahi kumwita.

"Wewe, mkwe wangu, nakuita wewe. Panda. Panda kinyumenyume, usigeuke."

Nikasikia mbao zinalia. Mtu mzima yule, na mwili ule, akapanda ngazi ya kusimama kwa kurudi nyuma, kashika kamba, anapapasa kila daraja kwa kisigino, mpaka mgongo wake ukafika magotini kwangu. Akakaa. Koti lake linanuka maboksi na usiku wa kazi.

Mjukuu akapenya pembeni yangu, akafungua kile kiatu, mguu ukachomoka, kiatu kikabaki kwenye meno. Nikatoa ile kanga ya mkobani nikaitandaza juu ya mgongo wa baba yake, isibaki nguo yake na nguo yangu zikigusana. Nikaegemea. Mjukuu akapitisha ile niliyojifunga chini yangu, akaizungusha mbele ya kifua cha baba yake, akafunga fundo kama mbeleko.

"Mwulize bibi yako kama nishike miguu."

"Usishike mguu. Shika kanga," nikamwambia mwenyewe.

Akashika kanga. Akasimama. Ubao mmoja ukatoa mlio ambao haujawahi kutoka tangu enzi za magunia, na tukaanza kushuka. Nilikuwa nimefumba macho, kisha nikayafumbua. Nikamsikia anasoma Ayatul Kursiyu kwa chini, nikaifuata naye, bila mmoja kumwambia mwenziwe.

Kwenye gorofa ya mawe nikamwambia, "Niweke, ngazi hizi nyingine nitajaribu." Hakuniweka. Ile ndiyo mara yake ya kwanza na ya mwisho kunikatalia. Tukapita mawe ndani ya kioo chao. Tukashuka gorofa ya magurudumu ya meno, moja limesimama, jingine limelala, yameshikana kama vidole vya watu wanaoagana. Niliwahi kupita pale kwa lifti nisione kitu. Sasa niliona kila kipande, polepole, kwa mwendo wa mzigo, na kila tulipofika kwenye tundu la sakafu lililozibwa nilikuwa nasema, bismillahi, na hili tumelipita.

Chini kwenye sakafu ya kioo kulikuwa na wageni, na meneja anawaelezea gurudumu. Wakageuka wote. Mzee wa kike, mguu mmoja hauna kiatu, kafungwa kanga mgongoni kwa jibaba lenye koti la kung'aa. Mmoja akainua simu apige picha. Mjukuu wangu akaiwekea kiganja mbele na kumwambia kwa Kiingereza neno ambalo nadhani halikuwa la adabu. Sikumkemea.

Garini nikakaa kiti cha nyuma. Tumefika barabara kubwa ndipo mkwe wangu akasema, akitazama mbele:

"Mwambie bibi yako afunge mkanda."

Tukakata London nzima kutoka upande hadi upande. Foleni ilikuwa ya Jumamosi. Niliwatumia wale wa msikitini ujumbe wa sauti mara moja tu, nikisema yeyote asimguse. Tulipofika, wale wanawake walikuwa wamekaa kwenye viti korido, glavu mikononi, hasira usoni. Walipoona mguu wangu wa soksi wakainuka wote.

Nikawekewa kigoda. Nikaomba shuka nene badala ya ile nyepesi. Binti yake alimimina maji kageuka, kama mama yake alivyotaka, na mkono uliopita chini ya shuka ulikuwa wangu peke yangu. Nilimwosha taratibu, upande wa kulia, upande wa kushoto. Nilimwambia, "Nimeshuka." Mengine ni yake.

Akasaliwa, akazikwa. Mkwe wangu aliingia kaburini kumpokea pamoja na wanaume wengine, kisha akaenda kulala ndani ya gari kwenye maegesho, mdomo wazi, maana tangu jana yake alikuwa hajalala. Mjukuu akamfunika kwa ile kanga.

Nilikaa matangani Hayes mpaka khitma. Nyumba ile ilikuwa ya chini. Asubuhi nilikuwa nafungua mlango natoka nje peke yangu, na fimbo yangu, mpaka kwenye pipa la taka, narudi. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Nilikuwa nakwenda kwenye pipa la taka. Nilikwenda mara nyingi kuliko taka zilivyokuwa.

Baada ya khitma wakaja kunichukua, safari hii na binti yangu. Tukafika Lewisham mchana, jua limetoka. Pale mlangoni kwenye sakafu ya kioo ile karatasi ya kuomba radhi ilikuwa bado imebandikwa, na chini yake nyingine mpya.  Mkwe wangu alikwenda kwenye daraja la kwanza, akageuza mgongo, akachuchumaa, kanga keshaitandaza mwenyewe begani.

"Panda, mama," binti yangu akasema. "Juu nimeshapika."

Nikasimama. Nikatazama ule mgongo, na ngazi, na giza la ule uwazi wa juu. Nikajua nikipanda, vile vifuniko vinajifunga. Nikiugua, nitaugua kule. Nikiitwa tena, nitakwama tena kwenye meno. Na siku nitakayokufa watanishusha kwa mgongo huohuo nisijue.

"Inuka, baba," nikamwambia. "Ulinibeba kwa ajili ya mtu aliyekuwa ananingoja. Kule juu hakuna anayeningoja."

"Mama!" binti yangu akasema. "Sasa utakaa wapi?"

Nikavuta kiti cha wageni, nikakiweka katikati ya sakafu ya kioo, juu ya gurudumu, nikakaa. Meneja akatoka chumbani kwake, akaniambia kwa upole kwamba pale hapakaliwi, ni njia ya kutokea watu moto ukiwaka. Mjukuu akanitafsiria.

"Mwambie ndiyo maana nimekaa hapa," nikasema. "Ni mimi niliyekuwa nakosa njia ya kutokea."

Binti yangu akaanza kulia, akisema watu watatuonaje. Mkwe wangu alikuwa ameinuka, anakunja kanga, katazama chini. Nikawaita wote watatu wasogee, kila mtu kwa jina lake, na yeye pia, nikawaambia:

"Nendeni juu. Niteremshieni godoro langu, mswala wangu, dawa zangu na birika la kutawadhia. Chakula ulichopika kilete hapa, na sahani nne. Mpaka lifti ipande, au mpaka mnipatie chumba ambacho mlango wake unafungukia ardhini, kwangu ni hapa chini, na atakayetaka kunisalimia atashuka yeye. Haya, pandeni."